Nani Humkagua Muuza Dawa? Historia Inayomfaa Kila Mama

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo tuingie pamoja katika duka la dawa, au kemisti kama tunavyozoea kuliita. Ukiingia kemisti yoyote iliyo halali hapa Kenya, tazama ukutani. Utaona karatasi zilizowekwa katika fremu ya kioo. Akina mama wengi huzipita tu kama picha za kalenda. Mtoto ana homa, analia mgongoni, na matatu inangoja. Nani ana wakati wa kusoma karatasi za ukutani?

Lakini karatasi hizo zina historia, na tukiifuata tunakuta watu waliokufa, wengi wao watoto. Kila jambo ambalo mkaguzi wa dawa huliangalia anapoingia kemisti, liliwekwa katika sheria kwa sababu mahali fulani, wakati fulani, halikuangaliwa. Leo nitakueleza historia hiyo, kisha tutaona wewe mwenyewe unaweza kuangalia nini kabla hujatoa pesa.

UKAGUZI NI JAMBO LA KALE

Usidhani ukaguzi wa dawa ulianza juzi. Katika miji mikubwa ya Kiislamu ya zamani kulikuwa na afisa wa soko aliyeitwa muhtasib. Kazi yake ilikuwa kuangalia mizani, mkate, nyama, na pia dawa. Katika karne ya 12 mwanachuoni mmoja wa Shamu aliyeitwa al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib. Ndani yake mna sehemu za wauza dawa na watengenezaji wa sharubati za tiba, na humo anaeleza namna walaghai walivyochanganya dawa nzuri na vitu vya bei rahisi. Neno letu sharubati na neno sirapu, lile la dawa tamu ya maji ya watoto, yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Hivyo udanganyifu katika sirapu si jambo geni, na mtu wa kuuchunguza si mgeni pia.

Huko Ulaya, katika karne ya 13, mfalme Frederick II aliyetawala Sicily alitoa sheria kwamba daktari asiwe mshirika wa kibiashara wa mwenye duka la dawa. Alijua kwamba mwenye kuandika dawa akiwa pia mwenye kufaidika na mauzo yake, mgonjwa ndiye atakayeumia. Mwaka wa 1540 sheria ya Uingereza iliwapa madaktari wa London ruhusa ya kuingia katika maduka ya dawa, kupekua bidhaa, na kuharibu zilizooza.

Kwa hivyo wazo la kukagua ni la miaka mingi. Lakini lilikuwa la hapa na pale, mji huu unao na ule hauna. Ili sheria iwe ya nchi nzima, ilibidi maafa yatokee kwanza.

PEREMENDE ZA BRADFORD, 1858

Bradford ni mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Katika miaka hiyo sukari ilikuwa ghali. Watengenezaji wa peremende walizoea kuchanganya sukari na unga mweupe wa jasi, ule unaotumika kutengeneza plasta. Unga huo haukuwa na ladha wala faida mwilini. Uliongeza uzito tu, na maskini wakauziwa jasi kwa bei ya peremende.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1858 mtengenezaji mmoja alimtuma mtu kununua unga huo kwa muuza dawa katika mji jirani wa Shipley. Mwenye duka alikuwa mgonjwa kitandani. Aliyekuwa dukani ni msaidizi wake, kijana ambaye bado hakuijua kazi vizuri. Aliambiwa achote unga kutoka katika pipa lililokuwa darini. Kijana akapanda, akaona pipa lenye unga mweupe, akachota karibu kilo 5 na nusu, akauza.

Unga ule haukuwa jasi. Ulikuwa arseniki, sumu iliyotumika kuua panya. Arseniki nayo ni nyeupe, na pipa lile halikuwa na alama ya wazi ya kumwonya mtu.

Peremende zikapikwa na kuuzwa sokoni Jumamosi jioni. Baba akirudi na mshahara, aliwanunulia wanawe peremende. Kufikia Jumapili watoto wawili walikuwa wamekufa. Mwanzoni watu walidhani ni kipindupindu, kwa sababu waathiriwa walitapika na kuharisha. Ilipojulikana kwamba ni peremende, zaidi ya watu 200 walikuwa wameugua, na waliokufa walifika kama 20.

Watu watatu walishtakiwa, lakini hakuna aliyepatikana na hatia. Sheria ya wakati huo haikumtaka muuza dawa awe amesoma wala kupita mtihani wowote. Mtu yeyote mwenye pesa ya kulipia chumba angeweza kufungua duka na kuuza dawa na sumu bega kwa bega.

Hebu, mama, tuangalie makosa ya duka lile. Mwenye ujuzi hakuwepo kazini. Aliyeachiwa duka hakuwa na mafunzo. Sumu iliwekwa karibu na vitu vingine, nayo haikuwa na lebo ya wazi. Hayo makosa yakumbuke, kwa sababu mkaguzi wa leo huyatafuta yote.

KWA NINI BODI YETU INAITWA YA FAMASIA NA SUMU

Miaka 10 baada ya Bradford, mwaka wa 1868, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya famasia. Tangu hapo sumu zilizotajwa katika sheria hazikuweza kuuzwa na mtu asiyesajiliwa. Chupa au pakiti ya sumu ilitakiwa kuwa na lebo yenye mambo matatu: jina la kitu kilichomo, neno SUMU, na jina na anwani ya muuzaji. Anayeona lebo hiyo anajua amenunua nini na kwa nani.

Mwaka wa 1933 Uingereza iliongeza sheria nyingine, iliyoitwa Sheria ya Famasia na Sumu. Hapo sasa si mtu pekee aliyesajiliwa, bali duka lenyewe pia. Wakaguzi wakaajiriwa kuzunguka madukani. Ikawa wazi kwamba cheti peke yake hakitoshi, lazima mtu aende akaone.

Kenya wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na sheria nyingi za huko zililetwa huku. Sheria yetu ya Famasia na Sumu, ambayo ni Sura ya 244 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka wa 1957, na jina lake linafanana na la ile ya 1933. Chini ya sheria hiyo ndipo ikaundwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo wengi huijua kwa herufi PPB. Tulipopata uhuru mwaka wa 1963 tuliirithi, na imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo.

Akina mama wengine kliniki huniuliza: kwa nini bodi ya dawa itajwe pamoja na sumu? Jibu ni hili. Dawa na sumu hukaa rafu moja. Dawa ya maumivu inayomtuliza mtu mzima inaweza kumuua mtoto mchanga ikipimwa vibaya. Tofauti iko katika kipimo, lebo, na ujuzi wa mkono unaokupa.

JERIKANI MOJA YA LITA 20

Sasa twende Marekani, mwaka wa 1937. Huko tunajifunza somo la pili, nalo linahusu kitabu cha kumbukumbu.

Kampuni moja ilikuwa na dawa nzuri ya kutibu koo na maambukizi mengine. Ilikuwa ya vidonge na unga. Watu wakaomba ya maji, hasa kwa watoto wasioweza kumeza vidonge. Mwanakemia wa kampuni akatafuta kitu cha kuiyeyusha. Akatumia kemikali iitwayo diethilini glikoli, ambayo ni ndugu ya vimiminiko vinavyotiwa katika breki za magari. Kemikali hiyo ni tamu. Akaongeza ladha ya matunda. Kampuni ikaangalia rangi, harufu na utamu, ikaridhika. Hakuna aliyepima kama inadhuru, kwa sababu sheria haikudai.

Baada ya wiki chache watoto na watu wazima wakaanza kufa. Walitapika, walishikwa na maumivu ya tumbo, kisha wakaacha kukojoa. Figo zilikuwa zimekufa.

Serikali ya Marekani ikatuma karibu wakaguzi wake wote, watu 239, kuitafuta dawa hiyo nchi nzima. Walikwenda duka kwa duka, daktari kwa daktari. Duka lililoandika jina la mgonjwa na tarehe, mkaguzi alifungua kitabu, akaona jina, akaenda nyumbani na kuichukua chupa kabla haijanywewa yote. Duka lisiloandika, mkaguzi alibaki kuuliza mitaani. Kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu ambaye familia yake ilikuwa imehamia milimani baada ya kuandikiwa dawa. Daktari mmoja aliahirisha harusi yake ili asaidie kumtafuta.

Kampuni ilikuwa imetengeneza galoni 240 za dawa hiyo, yaani kama lita 900. Wakaguzi walifanikiwa kuzirudisha galoni 234. Zilizobaki, ambazo tayari zilikuwa zimenywewa au kupotea, hazikuzidi lita 23. Fikiria jerikani yako ya maji ya lita 20, uongeze sufuria moja ndogo. Kiasi hicho kiliua zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto 34.

Kuna jambo la kushangaza hapa. Serikali haikuwa na uwezo wa kuikamata dawa hiyo kwa kosa la kuua. Iliikamata kwa sababu ya jina. Kampuni ilikuwa imeiita eliksiri, na kisheria eliksiri ilipaswa kuwa na pombe. Haikuwa na pombe, basi jina lilikuwa la uongo. Kama ingeitwa jina jingine, wakaguzi wangekosa sheria ya kushika. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ilipitisha sheria mpya: dawa mpya isiuzwe kabla mtengenezaji hajaonyesha kwamba ni salama.

SUMU ILE ILE YARUDI AFRIKA

Mama, ningependa kukuambia kwamba jambo hilo liliishia 1937. Haikuwa hivyo.

Mwaka wa 1990 katika mji wa Jos nchini Nigeria, watoto 47 walifikishwa hospitalini wakiwa wameacha kukojoa. Walikuwa wamepewa dawa ya maji ya homa iliyotengenezwa kwa diethilini glikoli. Walikufa. Mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009 nchi hiyo hiyo ikapigwa tena, safari hii kwa dawa ya watoto wanaoota meno. Watoto 84 walikufa.

Mwaka wa 2022 ilikuwa zamu ya Gambia. Watoto wapatao 70, wengi wao wa chini ya miaka mitano, walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo mwezi wa Oktoba kuhusu sirapu nne za kikohozi na mafua zilizotoka nje ya nchi. Gambia haikuwa na maabara yake ya kupima dawa. Sirapu zilipita bandarini, zikafika madukani, zikafika vijikoni, na hakuna mahali njiani zilipopimwa.

Kwa nini sumu hii hurudi? Kwa sababu inafanana na kitu kizuri. Sirapu za watoto hutengenezwa kwa vimiminiko vitamu na vizito kama gliserini. Diethilini glikoli ni tamu na nzito vile vile, na bei yake ni nafuu. Mtu asiye mwaminifu, au asiyepima anachonunua, huiingiza ndani. Ni jasi na arseniki tena, darini kule Shipley.

Hapa Kenya tunayo maabara. Maabara ya Taifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa, iliyo Nairobi, iliwekwa katika sheria mwaka wa 1992. Dawa inaweza kuchukuliwa dukani na kupelekwa huko kupimwa. Na mwezi wa Aprili 2024 tuliona faida ya nchi kuambiana. Mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba imepata diethilini glikoli nyingi katika bechi moja ya sirapu ya kikohozi ya watoto. Bechi ni kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja, na kila chupa ya kundi hilo huandikwa nambari moja. Bodi yetu ikatangaza bechi hiyo isiuzwe wala kutumiwa, na irudishwe. Nchi nyingine kadhaa za Afrika zilifanya vivyo hivyo.

Tafakari kidogo. Tangazo kama hilo linamsaidia nani? Linaisaidia kemisti inayojua chupa zake zilitoka wapi na ni za bechi gani. Linamsaidia mama ambaye bado ana chupa yenye lebo. Yule aliyepimiwa dawa katika chupa ya soda, hata akisikia tangazo kwenye redio, atajuaje kama ni yake?

MKAGUZI AKIINGIA, ANAANGALIA NINI?

Sasa turudi kemisti yetu, pale kituoni au sokoni. Mkaguzi anafika bila kupiga hodi ya siku nyingi. Anaonyesha kitambulisho chake. Sheria inamruhusu kuingia, kutazama, kuuliza na kuchukua sampuli.

Kwanza, anatazama ukuta. Anataka kuona cheti cha kusajiliwa kwa duka na leseni ya mtaalamu anayelisimamia. Mtaalamu huyo ni mfamasia, au mtaalamu wa teknolojia ya famasia aliyesajiliwa na Bodi. Karatasi hizo hutolewa kwa mwaka. Karatasi ya mwaka uliopita haimsaidii mwenye duka.

Pili, anauliza: mtaalamu mwenyewe yuko wapi? Hapa ndipo kemisti nyingi huanguka. Jina la mfamasia liko ukutani, lakini yeye yuko mji mwingine, na anayeuza ni mpwa wa mwenye duka aliyemaliza shule mwaka jana. Hilo ndilo kosa la kwanza la mwaka wa 1858.

Tatu, anatazama rafu. Je, dawa zimesajiliwa kuuzwa Kenya? Tarehe zake hazijapita? Zilizopita tarehe zimetengwa na kuandikwa, au zimefichwa nyuma ya zile nzima? Je, kuna dawa zenye alama ya serikali, ambazo hazipaswi kuuzwa? Dawa za serikali zikionekana katika duka la mtu binafsi, maana yake kuna dispensari mahali fulani ambako mama ameambiwa dawa zimekwisha.

Nne, anafungua friji. Insulini na dawa nyingine huharibika zikipata joto. Zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Anatafuta kipima joto, na daftari la kuonyesha kwamba mtu hukisoma. Friji yenye maziwa na soda karibu na dawa haimpendezi mkaguzi.

Tano, anaomba vitabu. Risiti za kuonyesha dawa zilinunuliwa kwa muuzaji wa jumla aliye halali. Kitabu cha dawa zilizotolewa kwa cheti cha daktari. Daftari la dawa kali za usingizi na maumivu, ambazo zinatakiwa kufungiwa kabatini kwa kufuli. Vitabu hivi ndivyo vilivyookoa watu mwaka wa 1937. Vikikosekana, siku ya hatari hakuna wa kumfuata mgonjwa.

Sita, anatazama dawa inavyotolewa. Je, bahasha ya vidonge imeandikwa jina la mgonjwa, jina la dawa, kipimo na saa? Ile lebo ya 1868 ndiyo hiyo hiyo mkononi mwako.

Mambo haya hayakutungwa na Kenya peke yake. Mwaka wa 1999 Shirika la Afya Duniani na Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia walitoa miongozo ya huduma bora za famasi, na mwaka wa 2011 wakaipitia upya. Ndani yake wamesisitiza kwamba kazi ya mfamasia haiishii kukabidhi dawa. Anapaswa kuhakikisha mgonjwa ameelewa namna ya kuitumia.

Mkaguzi akikuta makosa madogo, hutoa maagizo na muda wa kurekebisha. Akikuta duka halijasajiliwa, linaweza kufungwa, dawa zikachukuliwa na mwenyewe akafikishwa mahakamani. Bodi pamoja na polisi imefanya misako kama hiyo katika sehemu nyingi za nchi. Ukiona kufuli limetundikwa kemisti ya mtaani, usiwe wa kwanza kumwonea huruma mwenye duka kabla hujauliza sababu.

MKAGUZI ASIPOKUWEPO

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Mkaguzi anaweza kufika kemisti ya kijijini kwenu mara moja, kisha akakaa miezi mingi bila kurudi. Wengine hufunga duka wakisikia amefika mjini, wakafungua akiondoka. Lakini wewe unaingia pale kila mwezi, pengine kila wiki. Wewe ndiwe jicho lililo karibu zaidi.

Na si kwamba unaomba hisani. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na habari za kumwezesha kuzitumia vizuri. Kuuliza ni haki yako.

Wengi wetu tunaona haya kuuliza. Muuzaji huitwa daktari na mtaa mzima, amevaa koti jeupe, na hutukopesha dawa mwisho wa mwezi ukiwa mbali. Tunaogopa kumvunjia heshima. Lakini unaweza kuuliza kwa adabu. Sema: "Samahani daktari, mfamasia wa zamu ni nani leo?" Au: "Naomba uniandikie hapa jina la dawa na jinsi nitakavyompa mtoto." Mtaalamu wa kweli hatakasirika. Atafurahi kwamba unataka kuelewa. Anayekufokea kwa swali kama hilo amekupa jibu tayari.

Jambo moja zaidi. Usichanganye dawa ya bei nafuu na dawa bandia. Dawa nyingi nzuri huuzwa kwa jina la kawaida badala ya jina la kampuni kubwa, na bei yake ni ya chini. Ikiwa imesajiliwa na imetoka mahali halali, ni dawa. Bei peke yake isikutishe wala isikuvutie. Tazama lebo, tazama duka, tazama mtu.

Na kwa mtoto mdogo mwenye mafua na kikohozi cha kawaida, mara nyingi hahitaji sirapu yoyote. Aliye chini ya miezi sita, maziwa ya mama yanamtosha. Akipumua kwa haraka, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, au akitapika kila kitu, usipite kemisti. Nenda moja kwa moja kituo cha afya.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Tazama cheti ukutani. Je, ni cha mwaka huu? Je, jina la duka ni lile lile lililo juu ya mlango?

2. Uliza mtaalamu ni nani na kama yupo.

3. Usinunue dawa iliyofunguliwa na kumiminwa katika chupa isiyo na lebo. Usinunue dawa kwa mchuuzi ndani ya basi au sokoni chini.

4. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama hujui kusoma, mwombe mwanao wa shule akusomee.

5. Omba risiti, na uitunze pamoja na pakiti au chupa hadi mtoto apone. Nambari ya bechi iko hapo.

6. Mtoto akinywa dawa kisha akatapika sana, akalegea, au akakaa muda mrefu bila kukojoa, mkimbize hospitali na uibebe chupa ya dawa. Usiioshe wala usiitupe.

7. Ukishuku duka au dawa, mwambie mhudumu wa afya ya jamii, kituo cha afya kilicho karibu, au Bodi ya Famasia na Sumu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Je, kuna kemisti ngapi karibu na kwenu, na ni ngapi ambazo mmewahi kuona cheti chake?

Mara ya mwisho uliponunua dawa ya mtoto, ulielezwa nini? Ulipewa risiti?

Kama redio ingetangaza leo kwamba bechi fulani ya sirapu irudishwe, ungejuaje kama iko nyumbani kwako?

Ni jambo gani moja ambalo kikundi chenu kinaweza kukubaliana kuuliza kila mara mnaponunua dawa?

Wale watoto wa Bradford, wa Jos na wa Gambia walipewa kitu kitamu na mtu aliyewapenda. Mzazi hakukosa upendo. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia, pale kabla ya kitu hicho kufika mkononi mwa mzazi. Leo tunaye mkaguzi, na tunayo sheria. Tuongeze na macho yetu.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutazungumza kuhusu namna ya kutunza dawa nyumbani mbali na watoto.